Kimya Kingi Kichwani

Alasiri, msikitini, safu iko kwenye sijida. Mzee wa safu ya pili ameweka paji la uso juu ya mkeka, na kwa muda wa tasbihi tatu kichwa chake kiko chini ya moyo wake. Damu inateremka shingoni kwa uzito wake yenyewe. Imamu anatoa takbira, safu nzima inainuka. Mzee anainuka nayo, goti moja kwanza, kisha la pili, na anapofika juu anasita. Macho yanaingia giza, masikio yanavuma, mkono wa kulia unapapasa hewani hadi unaigusa nguzo. Halafu giza linapita. Anafunga mikono kifuani, anaanza Alhamdu yake, na hakuna aliyeona kitu kwa sababu kila mmoja yuko na Mola wake. Akiulizwa baadaye barazani atasema ni kizunguzungu tu, mambo ya umri, na mazungumzo yatahamia kwenye bei ya sukari.

Kizunguzungu hicho kinanivuta. Chaweza kuwa dalili ya ugonjwa, chaweza kisiwe; kinachonivuta ni kwamba hiyo ni moja ya nyakati chache sana ambazo mtu huisikia kazi inayofanyika ndani yake bila sauti, usiku na mchana, tangu tumboni mwa mama. Mtu anaposimama, nusu lita ya damu, pengine zaidi, hushuka tumboni na miguuni. Presha ya damu iendayo kichwani hupungua papo hapo. Shingoni, pale mshipa mkuu unapogawanyika njia mbili chini ya taya, na katika ukuta wa mshipa mkubwa utokao moyoni, kuna neva zinazopima jinsi damu inavyousukuma ukuta. Hizo hupeleka habari, moyo huongeza mwendo, mishipa ya miguu hujikaza. Na humo kichwani, mishipa midogo ya ubongo, bila kungoja msaada kutoka chini, hujitanua ili kile kidogo kinachofika kipite kwa wepesi. Kijana hufanya yote haya ndani ya sekunde chache na hajui kwamba amefanya. Mzee wetu amechelewa kidogo, na kuchelewa kwake kumetufunulia pazia.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani kilo 1.4, yaani asilimia 2 hivi ya mwili wote. Lakini kila dakika hupokea karibu mililita 700 za damu, asilimia 15 hivi ya yote inayotoka moyoni, na peke yake hutumia sehemu moja ya tano ya oksijeni ya mwili uliotulia. Hata usingizini haupumziki tunavyodhani. Msuli ukikosa oksijeni waweza kukopa kwa muda na kulipa baadaye kwa kuhema. Ini lina sukari yake iliyohifadhiwa. Ubongo karibu hauna chochote. Damu ikikatika kabisa, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hivi, na dakika chache zikipita chembe zake huanza kufa. Akiba haiozi, walisema wazee, na bado kiungo hiki tunachokipa ufalme wa mwili hakina hata kibaba cha akiba. Au tuseme kinayo, ila si akiba ya vitu. Akiba ya ubongo ni uwezo wa mishipa yake kutanuka. Ile nafasi iliyobaki kati ya upana wa mshipa ulivyo sasa na upana wa mwisho unaoweza kuufikia, hiyo ndiyo ghala yake yote. Msomaji alishike hili, maana kila nitakachosema kinalizunguka.

Waliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro wanaijua mifongo, ile mifereji ya Wachagga inayoteremsha maji ya korongoni hadi kwenye migomba. Maji ya mfongo hayaendi yanapotaka. Yana zamu, yana wazee wake, na kiangazi kikija watu hupanda kwenda kuangalia banio la juu ili shamba la chini lisikauke. Damu ya ubongoni ina utaratibu wa namna hiyo, kwa tofauti moja kubwa: huku shamba lenyewe ndilo linaloita maji. Eneo la ubongo linapofanya kazi, chembe zake na zile zinazozihudumia hutoa kemikali zinazoiambia mishipa ya jirani ijilegeze, na katika sekunde mbili tatu damu inaongezeka pale pale palipo na kazi. Charles Roy na Charles Sherrington waliiandika hoja hiyo Cambridge mwaka 1890, baada ya majaribio kwa wanyama. Lakini aliyeiona damu ikiitika kwa mwanadamu aliye hai, kwa macho yake, alikuwa Mtaliano, Angelo Mosso, mjini Turin, miaka kadhaa kabla yao.

Mosso alimpata mkulima aitwaye Bertino, ambaye fuvu lake lilikuwa limevunjika na kuacha tundu, ubongo ukawa unapwita chini ya ngozi ya kichwa. Akaweka juu ya tundu hilo kifaa cha kuandika mapigo hayo kwenye karatasi. Siku moja kengele za kanisa zikalia adhuhuri, na mistari ya karatasini ikapanda. Mosso akamuuliza Bertino kama kengele zile zilimkumbusha sala yake. Mapigo yakapanda tena. Mkulima hakuinua hata kidole. Mkononi damu ilikuwa inakwenda vile vile. Wazo la sala lilipita kichwani, damu ikaitika. Nimelisoma tukio hili mara nyingi na bado linanisimamisha. Picha za rangi tunazoonyeshwa leo kutoka kwenye mashine za sumaku, zile ambazo Seiji Ogawa alizifungulia njia mwaka 1990, zimesimama juu ya jambo lile lile. Hazipigi picha ya wazo. Zinapiga picha ya damu iliyoitwa na wazo, na damu hiyo huja nyingi kuliko oksijeni inayohitajika. Kwa nini huja kwa ukarimu wa kupita kiasi, wataalamu wanaendelea kubishana. Mimi napenda tu kwamba ni hivyo: kwamba katika kiungo kisicho na ghala, anayeomba hupewa na ziada.

Kichwa cha twiga nacho kina somo lake. Moyo wake uko mbali na ubongo kwa karibu mita 2 za shingo iliyosimama wima, kwa hiyo humlazimu kuishi na presha iliyo mara mbili ya yetu ili damu ifike juu ikiwa na nguvu ya kutosha. Binadamu mwenye presha hiyo tungemlaza hospitali. Kisha mnyama huyu huyu, aliyechaguliwa na Tanzania kuwa mnyama wa taifa, anafika mtoni, anaitanua miguu ya mbele, anainamisha kichwa hadi chini kabisa ya kifua chake na kunywa, na baadaye anakiinua kwa ghafla kwa sababu ameona manyoya yakitikisika kwenye nyasi. Haanguki. Chini ya ubongo wake kuna mtandao wa mishipa midogo iliyosukwa pamoja, na mishipa mipana ya shingoni hubaki na damu nyingi kwa muda kichwa kikiwa chini. Ukimtazama unaona uzuri wa mwendo, huoni hesabu. Na presha ile, iliyo maradhi kwetu, kwake ndiyo afya, kwa kuwa ndiyo aliyoumbiwa.

Ndiyo maana neno presha, tunavyolitumia mitaani, halinitoshi. Tunauliza imepanda au imeshuka, tukidhani namba yenyewe ndiyo ugonjwa. Mwaka 1959 Niels Lassen, daktari wa Copenhagen, alikusanya vipimo vya watu wengi waliotofautiana presha, akaonyesha kwamba ndani ya mipaka mipana presha ya mwili hupanda na kushuka huku damu ya ubongoni ikikaa karibu pale pale. Mipaka aliyoichora, wastani wa milimita 60 hadi 150 za zebaki, imo katika vitabu vya wanafunzi hadi leo, ingawa watafiti wa sasa wanasema uwanda huo si mpana wala si tambarare kiasi kile. Siri yake iko kwenye msuli mwembamba unaozunguka kila mshipa mdogo. Damu ikisukuma kwa nguvu, msuli hujikunja. Ikilegea, nao hulegea. William Bayliss alikwisha kuieleza tabia hiyo ya mishipa mwaka 1902. Kwa hiyo unapanda ngazi, unagombana na mtu, unalala, unaamshwa na simu ya saa nane usiku, na humo ndani mtiririko unabaki umesawazishwa, bila wewe kuombwa ruhusa.

Na pumzi nayo ina mkono. Nenda msibani. Jeneza linatolewa, mama wa marehemu analia kwa kwikwi za haraka, pumzi juu ya pumzi, na ghafla vidole vinakufa ganzi, midomo inamcheza, anaanguka mikononi mwa wenzake. Wanawake wanamlegeza mtandio, wanampepea kwa khanga, mmoja anamnong’oneza, “Dada, pumua polepole, taratibu.” Hakukosa hewa mama yule. Alihema kupita kiasi hadi akaitoa mno hewa ya ukaa iliyomo kwenye damu, na mishipa ya ubongo ikaitafsiri hali hiyo kuwa amri ya kujibana. Hewa tunayoiita taka ndiyo inayoishikilia mishipa wazi. Ikipungua, mishipa hubana, ikizidi, hutanuka. Aliyemwambia apumue taratibu alikuwa anairudisha damu ya mwenzake kichwani, na hakuhitaji mtu wa kumfundisha.

Hadi hapa nimezungumza habari za utii na wepesi. Sasa nifike kwenye linaloniumiza. Mwili unaofidia kwa ustadi mkubwa namna hii unafidia pia pale ambapo ungetufaa zaidi kama ungepiga kelele. Mtu anaishi na presha ya juu miaka 10, na mishipa yake ya ubongo inazoea. Kuta zinakuwa nene, msuli unajikunja daima kuzuia nguvu isifike ndani, na mipaka ile ya Lassen inahama yote kwenda juu. Madaktari wa Copenhagen, Svend Strandgaard akiwa mbele yao, walilionyesha hilo miaka ya 1970. Ndiyo sababu ya swali linalosikika katika kila kliniki kuanzia Tanga hadi Kigoma: “Mwanangu, mbona mimi sijisikii kuumwa?” Mzee anasema kweli. Haumwi. Kichwa hakimuumi, analima, anacheza bao, anasoma gazeti bila miwani. Ubongo wake umemfichia gharama. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa anayeficha si mtu, ni mwili wenyewe, na unaficha kwa upendo.

Hapo pia ndipo pupa inapoua. Ubongo uliozoea presha ya juu umepoteza wepesi wa upande wa chini. Kiwango kinachomtosha jirani yake, kwake ni njaa. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, madaktari walikuwa wakitoboa kidonge cha nifedipini na kukimimina chini ya ulimi wa mgonjwa mwenye presha ya kutisha, na namba ilishuka mbele ya macho yao, ndugu wakashukuru. Katika miaka ya 1990 desturi hiyo ilianza kuachwa kwa sababu wapo waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo kutokana na kushushwa huko kwa ghafla. Nami najua nyumba ambamo vidonge vya mwezi mzima hukaa kabatini havijaguswa, kisha siku ya hofu humezwa vitatu kwa pamoja. Nasema bila kumlaumu mtu: yule aliyeviacha na yule aliyevimeza vyote wamedanganywa na kimya kile kile. Presha ikishushwa kidogo kidogo, kwa majuma na miezi, mishipa hujifunza tena, na mipaka yaweza kurudi chini. Haraka haraka haina baraka, na sijui mahali pengine ambapo methali hii imethibitika waziwazi kuliko kwenye ukuta wa mshipa wa damu.

Kisha kuna asubuhi ambayo kimya kinavunjika. Kikombe cha chai kinaponyoka, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Wapo watakaosema amepitiwa na upepo mbaya, na saa zitapita wakimtafuta mjuzi wa upepo. Humo ndani mshipa umeziba. Katika hali ya kawaida kila gramu 100 za ubongo hupata karibu mililita 50 za damu kwa dakika. Zikishuka chini ya 20 hivi, chembe hunyamaza. Zikifika kama 10, hufa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Lindsay Symon na wenzake, London, walituonyesha umuhimu wa kile kilicho kati ya namba hizo mbili. Pembezoni mwa eneo lililokufa kuna eneo jingine ambalo chembe zake hazifanyi kazi na bado ziko hai. Mkono uliolegea asubuhi hiyo huenda haujapotea. Huenda umenyamazishwa tu. Jeffrey Saver alikadiria mwaka 2006 kwamba kiharusi cha mshipa mkubwa, kisipotibiwa, huua chembe milioni 1.9 za ubongo kila dakika. Ukisikia namba hiyo unajua kwa nini gari litafutwe sasa hivi na maswali yafuate njiani.

Na katika eneo lile lililonyamaza, mishipa imekwisha kutanuka hadi mwisho wake. Ghala ni tupu. Haiwezi tena kusawazisha chochote. Damu inayofika inategemea presha peke yake: presha ikishuka, damu nayo inashuka. Ndiyo maana familia hushangaa wodini: mgonjwa ana 190 kwa 100, na daktari hampi dawa ya kuishusha siku ile. Si uzembe. Kwa kiharusi cha kuziba, asipopewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, miongozo huiacha presha ya siku za mwanzo ipande hata kukaribia 220 kwa 120, kwa kuwa huo msukumo ndio unaozilisha chembe zilizonyamaza. Wauguzi wakipata dakika mbili za kuyaeleza haya kwa binti aliyekesha kitandani pa baba yake, hofu nyingi itapungua katika wodi zetu.

Thomas Willis, tabibu wa Oxford aliyechapisha kitabu chake kikubwa juu ya ubongo mwaka 1664, alieleza habari za mtu aliyefariki kwa maradhi mengine kabisa. Alipompasua alikuta mshipa mkuu wa upande mmoja wa shingo, pale uingiapo kichwani, umekuwa jiwe, njia yake karibu imefungwa yote. Mtu yule hakuwa amepooza. Mshipa mwingine, ule wa nyuma wa upande huo huo, ulikuwa umenenepa mara tatu ya mwenzake, ukabeba mzigo, na damu ikapita kwenye ile duara ya mishipa chini ya ubongo ambayo hadi leo ina jina la Willis. Nani alimwambia mtu yule kwamba nusu ya kichwa chake inaishi kwa hisani ya jirani? Alikula, akalala, akaishi zake. Hapo nauona ukarimu uliofanyika gizani, ambao mwenyewe hakupata nafasi ya kuushukuru, na nauona pia woga wangu: ni mangapi yaliyoziba ndani yetu ambayo yanabebwa na mengine kwa wakati huu tunaposoma?

Swali hilo si la kinadharia kwa mtoto mwenye selimundu. Tanzania pekee huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Damu yao ni haba, na chembe zake nyekundu hujikunja na kuchakaza kuta za mishipa. Ubongo wa mtoto unaokua una njaa kubwa, hivyo hujibu kwa njia pekee unayoijua: unatanua mishipa na kuvuta damu kwa kasi. Mtoto anacheza rede na wenzake, anaimba, anakariri jedwali la kuzidisha, huku akiba ambayo ingemfaa siku ya homa kali imekwisha kutumika katika siku ya kawaida. Siku homa inapokuja, au damu inapopungua zaidi, hakuna mahali pa kutanuka. Wengine hupata kiharusi kabla ya kumaliza shule ya msingi. Wengine hupata vile visivyoonekana: hakuna mdomo uliopinda, hakuna mguu unaoburuzwa, ni makovu madogo tu ndani ya ubongo ambayo picha ya sumaku huyafichua. Katika tafiti za watoto wenye aina kali ya selimundu, zaidi ya robo yao wana makovu hayo kabla hawajatimiza miaka 6. Nyumbani na darasani yanaonekana kwa sura nyingine. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto amekuwa mvivu, hazingatii, anasahau. Mama anamkanya. Mtoto mwenyewe anaamini.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa watoto hawa umepatikana mlango wa kuusikia mshindo kabla haujalia. Mwaka 1982 Rune Aaslid alionyesha kwamba mawimbi ya sauti yaweza kupenya mfupa mwembamba wa panja, pembeni mwa jicho, na kupima mwendo wa damu katika mishipa ya ndani ya fuvu. Damu inayokimbia kwa wastani wa sentimita 200 au zaidi kwa sekunde ndani ya kichwa cha mtoto mwenye selimundu inasema kwamba mishipa imebanwa au imefika mwisho wa uwezo wake. Mwaka 1998 Robert Adams na wenzake, Marekani, walitoa matokeo ya watoto 130 waliokuwa na kasi hiyo: waliokuwa wakiongezewa damu mara kwa mara hatari yao ya kiharusi ilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 ikilinganishwa na ya wale ambao hawakuongezewa. Mahali ambapo damu salama ni ya shida, kidonge cha haidroksiurea, kimezwacho kila siku, hupunguza kasi hiyo.

Kipimo chenyewe hakitoboi ngozi wala hakimwagi damu. Mtoto analala, anapakwa jeli baridi kidogo kwenye panja, anatakiwa asisinzie na asilie, kwa kuwa usingizi na kilio vyote hubadilisha pumzi na pumzi hubadilisha damu. Mashine inatoa sauti ya mvumo unaopanda na kushuka pamoja na moyo. Mama aliyekaa pembeni anaisikia. Nje ya hospitali kubwa bado ni adimu kuiona. Mimi nataka iwepo Tunduru na Mpanda, iwekwe kwenye chumba kile kile cha kliniki ya watoto, na awepo muuguzi mmoja aliyefundishwa kuisikiliza.